Sanduku la Chama Lisilipe Kasho

(Maneno ya komite mbele ya wanamemba, Baraka. Tunayaandika hapa kwa wale ambao hawakufika, na kwa marafiki wanaotutegemeza toka mbali.)



Leo hatuzungumzi mbegu wala nyavu. Tunazungumza feza ya sanduku letu, na polisi. Mambo haya mawili yameshikana kuliko tulivyofikiri.

Tulipofunga hesabu ya mwaka, mweka feza wetu alisoma mistari yote kwa sauti. Kulikuwa maziko. Kulikuwa wagonjwa. Kulikuwa masomo ya watoto mayatima. Kisha akafika kwenye mstari ulioandikwa "kutoa mtu". Akageuza ukurasa, akasoma tena "kutoa mtu". Ukurasa mwingine, tena. Alipojumlisha, feza ya kutoa watu kasho ilikuwa imepita feza ya maziko. Maziko yote yalikuwa na karatasi. Kwa kutoa watu hakukuwa hata kitansi kimoja, ni kusema karatasi ya kuonyesha kama umelipa, umelipa nani, na kwa sababu gani.

Hatutafuti mwizi kati yetu. Ni sisi wa komite tuliotia saini. Tulitia saini usiku, mama akilia mlangoni, na kama ingekuwa tena usiku ule pengine tungetia tena. Lakini lazima tuseme ukweli: sanduku tulilolianzisha juu ya kusaidiana limekuwa mshahara wa pili wa watu wanaotufunga bila haki. Kila mara tulipolipa haraka, tulimfundisha aliyefunga kama mtu wa chama chetu analipa haraka.

Tukumbuke moja. Kijana wetu mmoja alikopa feza ya ndagala, ziwa likakataa, akashindwa kulipa kwa siku waliyopatana. Mwenye feza hakwenda kwa hakimu. Alikwenda kwa polisi anayefahamiana naye. Kijana akakamatwa siku ya kwanza ya juma, akatoka siku ya tano. Alitoka juu tulilipa. Nyayo zake zilikuwa zimevimba, hakuweza kuvaa viatu. Hatukumpeleka kwa daktari kuandikiwa karatasi. Tulimkanda kwa maji ya moto, tukamshukuru Mungu, tukafunga mambo. Polisi yule akabaki kazini kama jana. Na kwenye karatasi za Serikali, kijana yule hakuwahi kufungwa.

Kwa nini tulifanya hivyo? Wengi wetu tuliondoka hapa 1996 ao 1998. Tulikaa Lugufu na Nyarugusu, ng'ambo ya ziwa, ambako kupita kilomita 4 toka kambini bila ruhusa ilikuwa kosa. Tulijifunza kuogopa mwenye uniforme na kuinamisha kichwa. Tulipoanza kurudi kwa meli toka Kigoma, mwaka 2005 na kuendelea, tulirudi na sahani, na blanketi, na karatasi ya kurudi. Sheria ya nchi yetu hakuna aliyetufungia ndani ya mzigo. Kwenye bariere polisi anauliza karte ya uchaguzi, wewe unaonyesha karatasi ya kambi, yeye anacheka, unalipa. Hivyo ndivyo tulivyoanza.

Basi tuweke hapa yale ambayo kila mwanamemba anapaswa kujua kwa kichwa, hata kama hakusoma.

La kwanza. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 18, inasema mtu aliyekamatwa aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa, na aambiwe kwa luga anayosikia. Inasema ana haki ya kuwasiliana na jamaa yake na wakili wake. Inasema polisi hawezi kumshika zaidi ya saa 48. Saa hizo zikiisha, ao anaachiliwa, ao anapelekwa mbele ya wakubwa wa sheria. Kijana wetu wa ndagala alikaa siku 5. Hata kama angekuwa na kosa, saa 48 zilikuwa zimeisha zamani.

La pili. Deni si kosa la kufungia mtu. Nchi yetu ilikubali mapatano ya mataifa yanayokataza kumtia mtu gerezani kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano ya deni. Mwenye kukudai ana njia yake kwenye tribinali. Kasho si njia hiyo.

La tatu. Kupiga na kutesa mtu aliye mikononi mwa Serikali ni kosa kubwa lenye sheria yake, namba 11/008 ya tarehe 9 Julai 2011. Adhabu yake inaanza miaka 5 mpaka 10 ya gereza. Kama aliyeteswa ni mwanamke mwenye mimba, ao mtoto, ao mzee, ao mlemavu, ao kama mateso yamemwachia ulemavu, inakuwa miaka 10 mpaka 20. Kama amekufa, ni gereza la maisha. Kwa hiyo mtu akikuambia "alipigwa viboko viwili tu, si kitu," mjibu kama sheria haisemi hivyo.

La ine. Amri ya mkubwa haimfichi mdogo. Kifungu cha 28 cha Katiba kinasema mtumishi wa Serikali hafungwi kutii amri ambayo kila mtu anaona wazi kama inavunja haki za watu. Polisi akisema "ni komanda alinituma," hilo linamwongeza komanda kwenye kesi. Halimtoi yeye.

Sasa, polisi akikosea, anaadhibiwa wapi? Hapa ndipo wengi tunapotea. Kuna njia mbili, na moja haifungi nyingine.

Njia ya kwanza ni ya nidhamu, ndani ya polisi wenyewe. Sheria ya tarehe 1 Juni 2013 juu ya wafanyakazi wa polisi imeweka adhabu za kazi, na ya mwisho kabisa ni kufukuzwa. Malalamiko haya yanapelekwa kwa mkubwa wa yule aliyekosa, ao kwa Inspection générale ya polisi, ambayo kazi yake ni kuangalia polisi. Ni njia nzuri kwa polisi aliyetukana watu, aliyelewa kazini, aliyeacha kazi yake. Lakini peke yake haitoshi mtu akiteswa, akibakwa ao akiuawa. Mambo hayo si utovu wa nidhamu. Ni makosa ya jinai.

Njia ya pili ni ya tribinali. Na hapa sikieni vizuri, maana neno lenyewe linatisha: polisi wa Kongo anahukumiwa na tribinali ya kijeshi. Katiba imesema hivyo, kifungu cha 156. Ofisi inayopokea malalamiko yenu inaitwa auditora ya kijeshi. Wamama wengi wamepelekwa parke, parke ikawaambia "huyu ni polisi, nendeni auditora," wakasikia neno "kijeshi" wakarudi nyumbani. Wamefikiri ni pahali pa kufungwa. Hapana. Ni pale ambapo polisi na askari wanaulizwa matendo yao.

Tribinali gani, inatoka kwa cheo. Chini ya major, ao cheo cha polisi kinacholingana nacho, kosa kubwa linakwenda tribinali ya kijeshi ya garnizo; kwetu iko Uvira. Toka major kwenda juu, Cour militaire. Jenerali, Haute Cour militaire ya Kinshasa. Na wewe uliyeumizwa hauko shahidi tu. Sheria ya 2002 juu ya tribinali za kijeshi inakuruhusu kuingia katika kesi na kudai malipo ya maumivu yako.

Parke nayo ina kazi. Hakimu wa parke ndiye mkubwa wa OPJ katika upelelezi. Ana haki ya kuingia kasho, kutazama nani amefungwa tangu lini, na kuamuru mtu aliyefungwa bila sababu aachiliwe. Kwa hiyo: kutoa mtu, parke. Kumshitaki polisi, auditora. Tukichanganya hizo mbili tunazunguka siku nzima.

Mtu atasema: hayo ni maneno ya vitabu, wakubwa hawahukumiwi. Tunajibu kwa jambo ambalo Baraka nzima inalijua. Siku ya mwaka mpya 2011, askari waliingia Fizi wakabaka wamama wengi. Mwezi wa pili wa mwaka uleule, tribinali ya kijeshi ilisafiri mpaka hapa Baraka. Haikuwangojea wamama Bukavu. Wamama walisema mbele yake. Tarehe 21 Februari 2011, Luteni Kanali Kibibi Mutware alihukumiwa miaka 20 ya gereza. Yeye alikuwa wa jeshi, si polisi, lakini ni tribinali za aina ileile zinazohukumu polisi. Wale walioona siku ile hawawezi kutuambia kama mwenye nyota begani hasimami mbele ya hakimu.

Na kuna kesi ya polisi wenyewe ambayo nchi nzima ilifuata. Floribert Chebeya, aliyeongoza La Voix des Sans-Voix, aliitwa Juni 2010 kwenye Inspection générale ya polisi, Kinshasa. Kesho yake alikutwa amekufa ndani ya motokari yake. Dreva wake, Fidèle Bazana, hakuonekana tena. Hukumu ya kwanza ilikuja 2011, ya rufaa 2015, na mtu aliyepewa adhabu ya kifo mara ya kwanza akabaki na miaka 15. Wengine walikuwa wamekimbia. Kesi ikafunguliwa tena, na tarehe 11 Mei 2022 Haute Cour militaire ikamhukumu ofisa wa polisi Christian Ngoy adhabu ya kifo, na mwenzake Jacques Mugabo miaka 12. Mwingine, Paul Mwilambwe, aliachiliwa. Toka 2010 mpaka 2022 ni miaka 12. Hatusemi haki yote ilipatikana. Mwili wa Bazana mpaka leo jamaa yake haijauzika. Tunasema kitu kimoja: kesi ile haikufa juu wajane na wenzao wa kazi hawakuacha kuuliza, na karatasi zao hawakuzitupa.

Karatasi. Hapo ndipo tunataka kufika.

Mwaka huu tulijaribu namna nyingine. Mama mmoja mjane wa chama alizuiliwa kwenye bariere, mzigo wake wa mafuta ya ngazi ukachukuliwa, yeye akasukumwa mpaka akavunjika mkono, kisha akafungwa eti ametukana Serikali. Safari hii hatukulipa. Watu 3 wa komite walikwenda kituoni saa ileile, wakasalimia kwa adabu, wakauliza: amekamatwa saa ngapi? Ameandikwa kwenye rejista? Kosa gani? Walioandika ni nani? Waliandika majibu yote mbele ya wale polisi. Kesho yake asubuhi barua ilikuwa parke. Siku ya tatu mama alitoka, bila kulipa. Kabla ya kufika nyumbani alipitishwa hospitali, daktari akaandika mkono ule na tarehe ile. Kisha malalamiko yakapelekwa auditora, nakala 2, moja ikarudi na muhuri wa kupokelewa.

Tungependa kumaliza hapo tupige makofi. Haikuishia hapo. Baada ya majuma machache tulisikia kama polisi yule ametumwa pahali pengine. Watu wakafurahi, "ameadhibiwa!" Tunaomba tusidanganyane. Kuhamishwa si kuadhibiwa. Kuhamishwa ni kumpelekea jirani tatizo lako. Huko alipo kuko bariere, na kwenye bariere ile kuko mama mwingine amebeba mafuta. Malalamiko yetu bado yako auditora. Tumekwenda kuuliza mara 2, tutakwenda ya tatu. Namba ya dosie iko ndani ya daftari ya chama.

Na yule mama alituambia neno ambalo lazima tulilete mbele yenu, juu yeye alituruhusu. Alisema: "Munajisifu kama hamukulipa. Lakini ni mimi niliyelala pale usiku mbili na mkono umevunjika. Mungelipa, ningelala kwangu." Hatukuwa na jibu. Mpaka leo hatuna jibu zuri la usiku zile mbili. Tulimwomba radhi. Yeye mwenyewe ndiye alisema tuendelee na kesi, "maumivu nimekwisha kuyalipa, basi nipewe kitu nilicholipia."

Kwa sababu ya neno lake, komite inaleta maazimio haya, nanyi mutayapigia kura leo.

Moja. Sanduku la chama halitatoa tena feza ya kumtoa mtu kasho bila kitansi cha Serikali. Amande ya kweli ina karatasi. Isiyo na karatasi si amande. Mtumishi wa Serikali anayedai feza ambayo sheria haimpi anafanya kosa, na sisi tunaomlipa tunamsaidia kulifanya. Jamaa ikitaka kulipa kwa feza yake yenyewe, hatutaihukumu. Tunajua machozi ni nini.

Mbili. Sanduku litalipa vitu vine: safari ya kwenda parke na auditora, karatasi ya daktari, makopi ya barua, na kitu cha kumpa avoka anapokubali kutusaidia kwa bei ndogo. Kupokelewa malalamiko hakulipiwi. Mtu akidai feza kwenye mlango wa ofisi, aandikwe naye.

Tatu. Kila mtaa utakuwa na watu 3, na mmoja wao mwanamke, wanaokwenda kituoni saa ileile habari inapofika. Hawaendi kugombana. Wanaenda kuonekana. Mtu anayejulikana kama ana watu hapigwi kirahisi. Kama wanasikia kelele ya kipigo, ao mtu ni mgonjwa, ao ni mtoto, hawangoji saa 48: mmoja anabaki mlangoni, mwingine anakwenda kwa hakimu wa parke, mwingine kwa daktari. Usiku ule uliompata mama yetu, ndio tunataka kuufupisha.

Ine. Daftari ya chama itaandika kila jambo: siku, saa, pahali, jina ao namba ya polisi, cheo, walioona, kilichochukuliwa. Asiyejua kuandika asimulie, tutamwandikia, tutamsomea, ataweka kidole. Nakala moja haikai Baraka. Mambo mazito tutayapeleka pia kwa Commission nationale des droits de l'homme, iliyowekwa na sheria ya 2013. Lakini hakuna jina la mwanamemba litakalopelekwa popote kama yeye hakukubali, na wamama waliobakwa watasikilizwa na wamama wenzao tu.

Sasa neno kwa wale ambao wana kaka ao mtoto ndani ya polisi. Muko hapa, tunawaona. Polisi naye ni mtoto wetu. Tunajua anakaa katika nyumba ya aina gani, na mshahara wake unamfikia namna gani. Tunajua kuna wale waliotuonyesha njia ya parke kwa siri, na wale waliokataa kupiga. Wale wazuri ndio wanaoharibiwa jina kila mara mbaya anapohamishwa kimya. Muwaambie kama chama hakina vita na polisi. Polisi mmoja akitenda vizuri, jina lake litaandikwa ndani ya daftari ileile, na tutampelekea mkubwa wake barua ya shukrani. Tuliandika moja tayari.

Na kwa marafiki wanaotutumia feza toka mbali. Tulifikiri kuficha mstari ule wa "kutoa mtu" ndani ya "mambo mengine". Mweka feza alikataa, na alikuwa na haki. Feza yenu moja ilikwenda pale ambapo haikupaswa kwenda. Sasa mumejua. Kama mutaendelea nasi, munajua pia itakwenda wapi: kwenye nauli ya Uvira wakati wa mvua, kwenye karatasi ya daktari, kwenye kesi ambazo zinaweza kukawia miaka. Hatuwezi kuwaahidi hukumu. Malipo ambayo tribinali zinaamuru mara nyingi hayafiki mkononi mwa aliyeumizwa, hata pale Serikali yenyewe imehukumiwa kulipa pamoja na mkosaji. Tunachoweza kuahidi ni kama mwaka ujao, mweka feza akisoma hesabu, kila mstari utakuwa na karatasi yake.

Kijana wa ndagala yuko hapa leo. Deni lake alikwisha kulimaliza, kidogo kidogo, kwa mapatano, kama ilivyopaswa kuwa tangu mwanzo. Tulimuuliza kama bado kuna namna ya kufungua malalamiko yake. Hana karatasi ya daktari, hana kitansi, hana namba. Ana walioona, na ana sisi tuliolipa. Komite imekubali kwenda naye na kutoa ushuhuda, hata kama hiyo ni kukubali mbele ya hakimu kama tulilipa.

Sasa tupige kura. Anayekubali maazimio ine anyanyue mkono. Anayekataa naye anyanyue, tutaandika hesabu zote mbili.